Siri ya Mtungi: Watumishi na Nyumba za Matajiri katika Sinema ya Kimya ya Urusi, 1913-1917

1. Utangulizi

Wahenga walisema kwamba siri ya mtungi aijuaye ni kata. Mtungi husimama pembeni mwa nyumba, umefunikwa vizuri, na mgeni apitaye huweza kulisifu umbo lake na nakshi zake. Lakini kama maji yaliyomo ni safi au yana viluwiluwi, hilo hulijua kata peke yake, kwa kuwa ndiyo ichovywayo humo kila siku. Methali hii itatufaa kama ufunguo wa kufungulia kundi moja la filamu za kale: filamu za kimya zilizotengenezwa na Mrusi Yevgeni Bauer baina ya 1913 na 1917, zilizosimulia mikasa ya nyumba za matajiri.

Filamu hizi zilidharauliwa kwa muda mrefu. Walioandika historia ya sinema baada ya mapinduzi ya Urusi waliziona kuwa ni machozi ya mabwanyenye, kazi ya tabaka lililokuwa likijililia lenyewe kabla ya kuzikwa. Makala haya yana shabaha ya kuonyesha kwamba hukumu hiyo, ijapokuwa ina ukweli ndani yake, imepita upesi mno. Hoja yangu ni kwamba filamu zilizo bora miongoni mwa hizi humweka mtazamaji mahali pa mtumishi wa nyumba: mtu aonaye yote, ajuaye yote, na asiyeulizwa neno. Tena nitadai kwamba uwezo huo ulitokana na kule kukosa sauti kwa chombo chenyewe.

Kabla ya kuendelea, yafaa tuafikiane juu ya istilahi. Baadhi yetu husema filamu bubu, na wengine husema filamu za kimya. Tofauti hii si ndogo. Bubu ni mtu asiyeweza kusema. Aliye kimya aweza kusema, ila amezuiwa au amejizuia. Mbele ya bubu hatuna la kuuliza, kwa maana hali yake twaijua. Mbele ya mtu aliyenyamaza hatuna budi kuuliza: mbona hasemi? Warusi hawakuitenga tofauti hiyo katika jina waliloipa sinema. Neno lao nemoi lina maana ya bubu, na ndilo walilolitumia kuitaja sinema isiyo na sauti, hata wakaipa lakabu ya Bubu Mkuu. Bauer naye alitoa filamu mwaka 1914 akaiita Nemye svideteli, ambayo kwa tafsiri ya neno kwa neno ni Mashahidi Bubu. Mimi nitaiita Mashahidi wa Kimya, na sababu zangu zitaonekana hapo mbele.

2. Chimbuko la filamu hizi

Sinema ilifika Urusi mapema, lakini kwa miaka mingi ilikuwa mikononi mwa wageni, hasa kampuni za Kifaransa za Pathé na Gaumont. Filamu ya kwanza ya hadithi iliyotengenezwa na Warusi wenyewe, Stenka Razin ya Aleksandr Drankov, ilionyeshwa mwezi wa Oktoba 1908. Baada ya hapo yakazuka makampuni ya nyumbani, na lililojipatia sifa kubwa miongoni mwao ni lile la Aleksandr Khanzhonkov mjini Moscow. Vita Vikuu vya Kwanza vilipoanza mwaka 1914, filamu za kigeni zikapungua sokoni, na watengenezaji wa Kirusi wakapata nafasi ambayo hawakuwa nayo hapo awali.

Bauer aliingia katika kazi hii akiwa mtu mzima. Alizaliwa Moscow mwaka 1865, baba yake akiwa mwanamuziki. Alisoma katika chuo cha uchoraji, uchongaji na ujenzi cha mji huo, kisha akawa mchoraji wa vikaragosi, mpiga picha, na zaidi ya yote mpambaji wa majukwaa ya michezo ya kuigiza. Kazi yake ya kwanza katika sinema ilikuwa ni kupamba mandhari ya filamu ya kuadhimisha miaka 300 ya ukoo wa Romanov, iliyotolewa mwaka 1913. Mwaka huo huo akaanza kuongoza filamu zake mwenyewe. Mnamo Juni 1917, baada ya kuvunjika mguu huko Crimea na kisha kupatwa na homa ya mapafu, alifariki dunia. Katika muda huo mfupi alikuwa ameongoza filamu zaidi ya 80, na zilizosalia hivi leo hazifiki 30.

Kwa nini nyumba ya tajiri? Jawabu moja latokana na historia ya jamii yenyewe. Mfumo uliomfunga mkulima wa Urusi kwenye ardhi ya bwana wake ulifutwa mwaka 1861. Watu wengi wakaondoka mashambani wakaingia mijini, na miongoni mwa milango iliyowafungukia ilikuwa ile ya viwanda na ile ya uani mwa nyumba za wakubwa. Kwa hiyo mwaka 1914 mtumishi mzee angeweza kuwa amezaliwa akiwa mali ya mtu, ilhali mjukuu wake alizaliwa huru na bado anapanda ngazi zile zile akibeba sinia. Nyumba moja ilikuwa na nyakati mbili ndani yake. Jukwaa la Kirusi lilikuwa limekwisha kuliona jambo hili. Mchezo wa Anton Chekhov, Bustani ya Micheri, ulioonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1904, unamalizika kwa mtumishi mzee, Firs, aliyesahauliwa ndani ya nyumba iliyofungwa baada ya mabwana wote kwenda zao. Sinema iliyapokea mambo hayo kutoka jukwaani, lakini ikayatendea kwa namna yake.

3. Mashahidi wa Kimya

Kisa cha Mashahidi wa Kimya ni chepesi kusimulia. Nastya, mjukuu wa bawabu, anaingia kazini katika nyumba ya akina Kostritsyn. Kijana wa nyumba hiyo, Pavel, ana mchumba wa tabaka lake, na mchumba huyo ana uhusiano wa siri na mwanamume mwingine, baroni. Katika huzuni yake Pavel anamgeukia Nastya. Mchumba anaporudi, Nastya anawekwa kando kama kikombe kilichokwisha nyweka. Yeye ndiye anayeujua udanganyifu wa mchumba yule, na hasemi.

Mtu aweza kusema kwamba hiki ni kisa cha kawaida: msichana maskini, bwana tajiri, machozi. Lakini tazama namna watumishi wanavyooneshwa. Wawapo peke yao, si bubu hata kidogo. Wanazungumza, wanacheka, wanakunywa, wanawajadili mabwana zao kama watu wajadilivyo majirani. Ukimya wao unaanzia pale wanapovuka na kuingia upande wa mabwana. Kwa maneno mengine, ukimya wa mtumishi ni sheria ya mahali, nayo hufuatwa kama desturi ya kuvaa sare. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya kulikataa neno bubu.

Sababu ya pili ni ya ndani zaidi. Katika mchezo wa jukwaani, bwana ana haki moja ambayo twaisahau kwa kuizoea: sauti yake. Yeye ndiye apewaye mazungumzo marefu, na mtumishi huingia, hutamka maneno mawili, hutoka. Tunapoketi katika ukumbi wa maonyesho, masikio yetu humfuata mwenye maneno mengi, na macho hufuata masikio. Sinema ya kimya iliifuta haki hiyo. Katika filamu hii midomo ya mchumba inatikisika na midomo ya Nastya inatikisika, na sisi hatusikii huyu wala yule. Mbele ya chombo hiki bwana na mtumishi wamekuwa sawa katika jambo moja, nalo ni kwamba wote hawasikiki.

Basi tofauti baina yao inabaki wapi? Inabaki katika macho. Mabwana hutazamana wao kwa wao. Watumishi huwatazama mabwana. Mabwana aghalabu hawawatazami watumishi. Bauer, ambaye alikuwa mpambaji kabla ya kuwa mwongozaji, alijenga vyumba vyenye kina kirefu, vilivyojaa nguzo, mapazia, ngazi na milango, na mpiga picha wake akaviangaza kwa namna ya kuyaongoza macho yetu hadi mwisho wa chumba. Katika vyumba hivyo daima kuna pembe ambapo mtu anaweza kusimama akaona bila kuonekana. Mabwana waliijenga nyumba ili waonekane. Hawakufikiri kwamba aliye karibu kuliko wote kuwaona ni yule wasiyemhesabu.

Tukiuliza sasa kwa nini Nastya hasemi, filamu haitupi jawabu moja. Yamkini ni mapenzi, yamkini ni woga wa kufukuzwa. Lakini lipo jambo jingine: ushahidi hauwi ushahidi mpaka apatikane mtu wa kuupokea. Katika nyumba ile hakuna sikio lililoandaliwa kwa neno la mjakazi. Angesema, neno lake lingegeuka kuwa fitina, na yeye angegeuka kuwa mshtakiwa.

4. Uhai kwa Uhai

Miaka miwili baadaye Bauer alitengeneza filamu iliyokusudiwa kushindana na kazi kubwa za nchi za nje: Zhizn za zhizn, yaani Uhai kwa Uhai, ya mwaka 1916. Kisa chake kilitokana na riwaya ya Mfaransa Georges Ohnet, Serge Panine. Bi Khromova, mjane tajiri mwenye biashara kubwa, ana mabinti wawili: Musya, mtoto wa kumzaa, na Nata, mtoto wa kulea. Wote wawili wanampenda mwanamfalme mmoja mfujaji, Bartinsky. Mwanamfalme anamwoa Musya kwa ajili ya mahari aletayo, na Nata anaolewa na mfanyabiashara Zhurov. Lakini mapenzi baina ya mwanamfalme na Nata yanaendelea chini ya paa lile lile. Ufujaji unamfikisha mwanamfalme kwenye kughushi hati za deni kwa jina la Zhurov. Mwishowe Bi Khromova anampiga risasi mkwewe kwa mkono wake, na kupanga mambo ili aonekane amejiua mwenyewe.

Nata aliigizwa na Vera Kholodnaya, ambaye filamu hizi zilimfanya kuwa mwigizaji mashuhuri kuliko wote nchini mwake. Alifariki Odessa mwezi wa Februari 1919, akiwa na umri wa miaka 25, wakati wa janga la homa ya mafua. Lakini katika filamu hii nguzo ya nyumba ni mama, aliyeigizwa na Olga Rakhmanova. Ni yeye mwenye mali, ndiye mwenye amri, na ndiye anayetenda kosa na kulifunika.

Hapa watumishi hawana nafasi kubwa kama katika Mashahidi wa Kimya. Hata hivyo nafasi yao haikufutwa, ila imepewa mtu mwingine. Tuulize: nani ajuaye siri ya kifo cha mwanamfalme? Ulimwengu wa nje utaambiwa kwamba amejiua, na jina la nyumba litahifadhika. Anayejua kwamba sivyo, mbali na mtendaji mwenyewe, ni mtazamaji aliyeketi gizani. Ametazama muda wote kutoka nyuma ya nguzo na mapazia, ameona mambo ambayo hakukaribishwa kuyaona, na hawezi kunyanyuka akasema. Amefanywa mtumishi wa nyumba. Nadhani hapa ndipo kilele cha ustadi wa Bauer, na ndipo hukumu ya machozi ya mabwanyenye inaposhindwa kueleza jambo lote.

5. Hatari ya nje na hatari ya ndani

Ili tuone kwamba jambo hili halikuwa la lazima, tulinganishe na Marekani ya miaka ile ile. Katika filamu ya D. W. Griffith, The Lonely Villa ya mwaka 1909, wezi wanaivamia nyumba, baba aliye mbali anaarifiwa kwa simu, anakwenda mbio na kuwaokoa mke na watoto wake. Katika Suspense ya mwaka 1913, iliyoongozwa na Lois Weber pamoja na Phillips Smalley, mkasa unaanza pale mtumishi anapoichoka nyumba iliyojitenga, anaacha barua, anauweka ufunguo chini ya zulia la mlangoni na kwenda zake. Mzururaji anaupata ufunguo. Mume naye anawahi kumwokoa mkewe.

Katika filamu hizo mbili nyumba ni njema, na ubaya hutoka nje. Kazi ya mtumishi ni kuulinda mlango. Akiondoka, hatari inaingia. Warusi hawakuridhika na mpango huo. Yakov Protazanov alipokitengeneza upya kisa cha simu katika filamu yake ya mwaka 1914, Drama kwa Simu, mume anachelewa na kumkuta mkewe amekwisha kufa. Watazamaji wa Urusi walikuwa na mapendeleo ya mwisho wa huzuni, kiasi kwamba watengenezaji waliweza kuifanyia filamu moja miisho miwili, mmoja wa nyumbani na mmoja wa kuuza nje. Bauer alikwenda mbali zaidi ya Protazanov. Kwake hatari haiingii mlangoni, kwa sababu tangu hapo imo ndani, imevaa mavazi ya karamu. Nyumba njema si mlango, na filamu zake ni mwaliko wa kuingia ndani.

6. Neno kwenye kibao

Wanaisimu wataniuliza: je, filamu hizi hazikuwa na lugha? Zilikuwa nayo. Baina ya picha na picha kiliingizwa kibao cha maandishi kilichoeleza mahali, wakati, au maneno ya mhusika. Isitoshe, huko Urusi walikuwako wasemaji waliosafiri na filamu na kuyatamka maneno ya wahusika mbele ya watazamaji. Ukimya wa sinema, basi, haukuwa utupu. Ulikuwa ni nafasi ambayo mtu mwingine aliweza kuijaza kwa neno lake.

Mfano mmoja waonyesha uzito wa jambo hili. Katika filamu ya Kimarekani ya Cecil B. DeMille, The Cheat ya mwaka 1915, mke wa tajiri anapoteza dola 10,000 za fedha za msaada alizokabidhiwa, kisha anazikopa kutoka kwa mfanyabiashara Mjapani, aliyeigizwa na Sessue Hayakawa, na mkopo huo unamletea maangamizi. Wajapani waliokaa Marekani walilalamika. Filamu ilipotolewa tena mwaka 1918, Japani ikiwa mshirika wa Marekani vitani, vibao vilibadilishwa na yule Mjapani akawa Mburma. Uso ni ule ule, vazi ni lile lile, nyumba ni ile ile. Neno tu ndilo lililogeuka, na mtu akahamishwa taifa.

Basi aandikaye kibao ndiye bwana, na aonekanaye pichani hana la kusema juu ya jina analopewa. Uhusiano wa picha na neno katika filamu hizi wafanana sana na uhusiano wa mjakazi na bwana wake: mmoja anaonekana, mwingine anatamka.

7. Pingamizi

Pingamizi kubwa dhidi ya hoja yangu ni hili. Bauer aliupenda utajiri. Nguzo zake, maua yake, hariri yake, vyote vinapigwa picha kwa mapenzi ya wazi, na hakuna mtumishi yeyote katika filamu nilizozitaja anayeinuka na kudai haki yake. Wanaosema kwamba filamu hizi hazikuyaona mapinduzi yaliyokuwa mlangoni wana haki ya kusema hivyo. Lev Kuleshov, ambaye alianza kazi akiwa kijana katika kampuni ya Khanzhonkov kama mpambaji wa Bauer, aliuacha baadaye mwendo wa taratibu wa mwalimu wake na kuushika ule wa haraka wa Wamarekani, wa kuunganisha vipande vifupi vifupi. Amri ya Lenin ya Agosti 1919 iliitaifisha sinema, na ulimwengu ule wa mapazia ukafungwa.

Sikatai. Lakini shahidi si lazima awe mwanamapinduzi ili ushahidi wake uwe wa kweli. Nastya haivunji nyumba, na hata hivyo baada ya kumwona yeye akiona, hatuwezi tena kuitazama nyumba ile kama wenyewe walivyotaka itazamwe. Hilo si jambo dogo kwa filamu iliyotengenezwa miaka mitatu kabla ya 1917.

Historia nayo imeongeza kinaya chake. Filamu hizi zilihifadhiwa ghalani kwa miongo mingi, na nyingi kati yake zilisalia bila vibao vya maandishi. Zilipoonyeshwa kwa wingi mbele ya wataalamu wa mataifa katika tamasha la sinema ya kimya la Pordenone, Italia, mwaka 1989, ilibidi watu wazisome nyuso na mikono kabla ya kusoma neno lolote. Neno la bwana lilikuwa limepotea. Picha ya mjakazi ilikuwa imebaki.

8. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo mawili. Kwanza, kwamba tuseme filamu za kimya, wala si filamu bubu, kwa kuwa neno hili la pili hulifunga swali ambalo filamu zenyewe hulifungua. Pili, kwamba mkasa wa nyumba ya tajiri, katika mikono ya Bauer, ulikuwa pia ni mkasa wa yule asiyetajwa kuwa mwenye nyumba.

Jambo hili lina faida kwa kazi yetu ya kila siku. Tunapofundisha tamthilia huwa tuna mazoea ya kumpima mhusika kwa wingi wa maneno yake. Mwanafunzi akiulizwa ni nani wahusika wakuu, huhesabu mistari. Mtu anayeingia na sinia huitwa mhusika mdogo, na mtihani haumuulizi. Filamu hizi zatufundisha kipimo kingine: tuulize kila mhusika anaona nini, anajua nini, na ni nani angemsikiliza kama angesema. Tukiuliza hivyo, pengine tutakuta kwamba katika vitabu tulivyovisomesha miaka yote tulikuwa tukiusifu mtungi na nakshi zake, na kata ilikuwapo pale pale, imening'inia ukutani, haijaulizwa.